Munro na Pikipiki Yake Kuukuu

Kila chombo kitokacho kiwandani huja na mpaka wake. Aliyekiunda amekwisha kuamua kitakwenda kasi gani, kitabeba mzigo gani na kitadumu muda gani; na mnunuzi, aghalabu, huukubali mpaka huo kama aukubalivyo urefu wa kimo chake mwenyewe. Pikipiki ikipungua nguvu huuzwa, ikizeeka hutupwa, na nyingine mpya hununuliwa mahali pake. Lakini mara chache hutokea mtu asiyekubali. Mtu huyo huitazama pikipiki iliyokwisha kutumika barabarani, akajiuliza: Je, nguvu zilizomo humu zimekwisha kutoka zote, au ziko nyingine ambazo hapana aliyezitafuta?

Msomaji, insha hii yahusu mtu mmoja aliyeuliza swali hilo akiwa kijana, akaendelea kulijibu mpaka uzeeni. Jina lake ni Herbert James Munro, na wengi walimwita Burt. Nchi yake ni Nyuzilandi, visiwa vilivyo mbali kusini katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1920 alinunua pikipiki ya barabarani ambayo kasi yake ya juu ilikuwa kilomita 89 hivi kwa saa. Mwaka 1967, juu ya pikipiki iyo hiyo, alikwenda kilomita 296 kwa saa. Kati ya tarakimu hizo mbili imo miaka 47. Twapaswa kuitazama miaka hiyo kwa makini, maana watu wengi huisimulia habari ya Munro kama muujiza, na muujiza haumfundishi mtu kitu. Kazi ndiyo ifundishayo.

Kwanza na tujue pikipiki za mbio zilikotoka. Siku hizi pikipiki ya mbio na pikipiki ya barabara ni vitu viwili mbalimbali, lakini mwanzo havikuwa hivyo. Mwaka 1907, mashindano ya Tourist Trophy yalipofanywa kwa mara ya kwanza katika Kisiwa cha Man, kilicho baina ya Uingereza na Ayalandi, yalikusudiwa pikipiki za safari za kawaida. Zilitakiwa ziwe na kiti, madigadi na kizuia sauti, na kila mshindani alipimiwa petroli yake. Charlie Collier, aliyeshinda katika daraja la pikipiki za silinda moja, alikwenda kwa wastani wa kilomita 61 hivi kwa saa. Pikipiki iliyompa ushindi haikuwa tofauti sana na ile iliyoweza kumpeleka karani kazini.

Miaka ilipopita, viwanda viliona kwamba ushindi huuza bidhaa. Vikaanza kuunda pikipiki za mbio peke yake, chache na za bei kubwa, zikapewa waendeshaji walioajiriwa kwa kazi hiyo. Hapo mtu wa kawaida aliachwa nyuma. Kama hakuwa na fedha za kununua pikipiki ya mbio, njia yake ilikuwa moja tu: achukue pikipiki ya barabarani, mara nyingi iliyokwisha kutumika, aigeuze kwa mikono yake. Sisi wa Afrika Mashariki twakumbuka mashindano yenye roho inayokaribiana na hiyo. Mwaka 1953, yalipoanza mashindano ya magari ya Safari, magari yaliyopita katika vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika yalikuwa ya aina zile zile zilizouzwa madukani. Tofauti ni kwamba katika Safari ya kwanza gari lilijaribiwa jinsi lilivyouzwa, na Munro aliichukua pikipiki jinsi ilivyouzwa akakataa iendelee kuwa hivyo.

Munro alizaliwa mwaka 1899, akakulia shambani katika kijiji cha Edendale, kusini kabisa mwa Nyuzilandi. Pikipiki aliyoinunua iliitwa Scout, nayo iliundwa na kampuni ya Indian katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Aliyeisanifu ni Charles Franklin, mtu wa Ayalandi. Ilikuwa na silinda mbili zilizosimama kama herufi V, na ujazo wa injini yake ulikuwa sentimita za ujazo 600. Gia zilikuwa tatu. Breki ilikuwa ya gurudumu la nyuma tu. Kwa wakati wake ilikuwa pikipiki imara na ya kuaminika. Lakini hakuna aliyeiunda kwa nia ya kuvunja rekodi za dunia.

Mwaka 1926 Munro alianza kuibadilisha. Hakuwa mhandisi wa chuo. Alikuwa mwuzaji na fundi wa pikipiki katika mji wa Invercargill, na kwa kuwa mchana alikuwa na kazi ya kumpatia riziki, kazi ya pikipiki yake aliifanya usiku.

Sasa na tufuate kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Anayegeuza pikipiki ya barabara kuwa ya mbio huanza kwa kuondoa. Taa, honi, madigadi, kiti cha abiria na kila kitu kisichosaidia mwendo huwekwa kando. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: injini hiyo hiyo ikisukuma uzito mdogo huongeza mwendo kwa haraka zaidi. Hatua hii haitaki fedha wala elimu kubwa. Spana na siku moja hutosha. Ndiyo maana vijana wengi huifanya, wakadhani wamemaliza. Kumbe wameanza tu.

Hatua ya pili ni injini. Injini, msomaji, ni kama kifua cha mtu. Huvuta hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli, huibana, huiwasha, hupata nguvu, kisha huutoa moshi. Kadiri ivutavyo pumzi nyingi katika dakika moja, ndivyo itoavyo nguvu nyingi. Basi mwenye kutaka nguvu ana njia tatu. Aweza kukipanua kifua chenyewe. Aweza kuyafanya mapito ya pumzi yawe mapana na yaliyonyoka. Au aweza kuiharakisha injini ipumue mara nyingi zaidi. Munro alizifuata njia zote tatu.

Kifua alikipanua kidogo kidogo, kutoka sentimita za ujazo 600 hadi 850, kisha 920, na mwisho 950. Mapito ya pumzi aliyabadilisha kabisa. Katika injini ya asili vali zilikaa ubavuni mwa silinda, hata pumzi ikalazimika kupinda kona kabla ya kufika juu ya pistoni, kama mtu aingiaye chumbani kwa kupitia uchochoro. Munro aliunda vichwa vipya vya silinda vyenye vali zilizokaa juu ya pistoni, pumzi ikaingia moja kwa moja. Tena, vali hufunguliwa na vipande vya chuma vyenye nundu, viitwavyo kamu. Umbo la nundu ndilo liamualo vali ifunguke lini, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Hizo nazo alizichonga mwenyewe kwa tupa. Aliondoa kidogo, akapima, akajaribu. Kisha akaondoa kidogo tena.

Njia ya tatu, yaani kuiharakisha injini, ndiyo iliyomletea taabu nyingi. Fikiri jinsi pistoni ifanyavyo kazi. Hupanda, husimama, hushuka, husimama, hupanda tena, mara maelfu katika dakika moja. Kila inaposimamishwa na kurudishwa, huivuta kwa nguvu ile fimbo ya chuma iitwayo konrodi, inayoiunganisha na krenki. Ukiongeza maradufu mizunguko ya injini, mvuto huo hauongezeki maradufu. Huongezeka mara nne. Basi konrodi iliyotosha kabisa kwa mwendo wa kilomita 89 haina budi kukatika siku moja inapotakiwa kufanya kazi ya mwendo mkubwa zaidi. Na ikikatika injini inapozunguka, haivunjiki peke yake. Hupiga pistoni, hupasua silinda, hutoboa sanduku la injini. Kazi ya miezi mingi huteketea kwa nukta moja.

Hapa tumefika penye moyo wa habari hii. Kila alipoiongezea injini nguvu, Munro hakupata nguvu tu. Alipata pia habari ya mahali palipo dhaifu. Pistoni ilipoimarishwa, konrodi ilishindwa. Konrodi ilipoimarishwa, udhaifu ulihamia kwenye klachi, kwenye mnyororo, kwenye tairi au kwenye fremu. Nguvu mpya katika chombo cha zamani ni kama mgeni mzito aliyeingia nyumba kuukuu. Hukalia kiti kikavunjika. Nawe ukimletea kiti cha mvule, sakafu nayo huanza kulia. Asiyejua jambo hili hukata tamaa kitu cha pili kinapovunjika, akidhani amekosea. Anayejua hutambua kwamba hiyo ndiyo njia yenyewe.

Huenda ukauliza: Vipuri vya kuimarisha pikipiki hiyo alivinunua wapi? Jawabu ni kwamba vingi hakuvinunua. Fedha alikuwa nazo chache, na vipuri alivyovitaka havikuwa vikiuzwa popote, maana hapana mtu mwingine duniani aliyekuwa na Scout ya namna ile. Akaviunda. Pistoni alizisubu mwenyewe, akiyayeyusha madini na kuyamimina katika makopo na kalibu alizozitengeneza. Silinda alizichonga katika vipande vya bomba kuukuu la chuma lililokuwa likipitisha gesi. Konrodi alizitoa katika chuma cha ekseli ya trekta, akazikata na kuzipiga tupa mpaka zikapata umbo. Hata katika kupima, husimuliwa kwamba alitumia spoku ya zamani ya gurudumu mahali pa chombo cha kupimia cha dukani.

Usidhani kwamba aliokota takataka kwa kutojua ubora. Tazama alichokichagua. Ekseli ya trekta hufanyizwa kwa chuma cha pua kigumu, kilichokusudiwa kustahimili kusokotwa na kugongwa mwaka baada ya mwaka. Basi mwenye kutafuta chuma kisichokatika upesi alikwenda mahali panapostahili. Bomba la gesi lilikuwa la chuma cha kusubu, na chuma cha namna hiyo kina chembe za kaboni ambazo hupunguza msuguano pistoni inapopanda na kushuka. Munro hakuwa na duka, lakini alikuwa na maarifa ya tabia za madini. Wenzake walipoona ekseli iliyotupwa, yeye aliona konrodi mbili zilizofungwa ndani yake.

Walakini vyuma viliendelea kuvunjika. Katika banda lake alikuwa na rafu aliyopanga juu yake pistoni zilizoyeyuka, konrodi zilizokatika na vali zilizopinda. Juu ya rafu hiyo aliandika maneno yenye maana ya kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa kasi. Wageni walicheka walipoyasoma, na bila shaka yeye mwenyewe alikusudia wacheke. Lakini itazame rafu ile kwa jicho la mwanafunzi. Kipande kilichovunjika ni barua. Pistoni iliyoyeyuka juu yasema kwamba joto lilizidi, pengine kwa sababu petroli ilikuwa chache kuliko hewa. Konrodi iliyokatika penye ufa wa zamani yasema kwamba chuma kilichoka pole pole kabla ya siku ya kukatika. Fundi anayetupa kipande bila kukisoma atavunja kingine kwa namna ile ile. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nasi twaweza kuongeza kwamba mhunzi mwenye busara hutazama koleo lilivunjikia wapi.

Kwa jitihada hizo alishindana katika mbio za nchi yake, juu ya majani, milimani na katika ufuko wa Oreti ulio karibu na Invercargill, ambako mchanga ulioshindiliwa na maji hugeuka kuwa barabara pana na ngumu. Alivuka bahari pia akashindana Australia. Rekodi kadhaa za nchi yake alizivunja. Alianguka mara nyingi, akaumia, akapona, akarudi bandani.

Baadaye alikutana na adui asiyeonekana, naye ni hewa. Ukiendesha baisikeli pole pole, hewa huisikii. Ukiteremka mlima kwa kasi, yakupiga kifuani. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayotakiwa kuushinda huongezeka kwa mchemraba wake. Chukua kalamu upige hesabu. Kilomita 296 ni kama mara 3.3 ya kilomita 89. Zidisha 3.3 kwa 3.3, kisha zidisha tena kwa 3.3, utapata zaidi ya 35. Maana yake ni kwamba, kama umbo la pikipiki halikubadilika, injini ilipaswa kutoa nguvu zaidi ya mara 35 kuliko ilivyotoa ilipokuwa mpya, hali ujazo wake haukuongezeka hata mara mbili. Hapana tupa iwezayo kuleta nguvu zote hizo. Ndipo ilipombidi aipunguze kazi yenyewe. Aliivika pikipiki ganda refu lenye umbo la samaki, akalala ndani yake juu ya injini, ili hewa ipite pande zote bila kushika mahali.

Mahali pa kujaribu mwendo wa namna hiyo ni pachache duniani. Pamoja ni Bonneville, katika jimbo la Utah, Marekani. Zamani za kale palikuwa na ziwa kubwa; maji yalikauka, ukabaki uwanda wa chumvi mweupe, sawa kama meza, uliofika mbali kuliko macho. Watu huenda huko na vyombo vyao kila mwaka katika miezi ya joto. Kanuni ya rekodi ni ya haki: chombo hupimwa kikienda upande mmoja, kisha kikirudi upande wa pili, na wastani wa miendo hiyo miwili ndio unaoandikwa. Kwa hiyo upepo unaokusukuma ukienda utakupinga ukirudi, na hapana ajidaiye kwa msaada wa tufani.

Munro alikwenda kushindana huko mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 63. Pikipiki yake ilikuwa na miaka 42. Kampuni iliyoiunda ilikuwa imekwisha acha kuunda pikipiki tangu mwaka 1953. Hivyo chombo kilirudi katika nchi kilikozaliwa, kikakuta nyumba ya wazazi wake imefungwa. Aliisafirisha kwa meli kuvuka bahari yote ya Pasifiki. Tena, Invercargill iko karibu na usawa wa bahari, na uwanda wa Bonneville uko juu kiasi cha mita 1,280. Madereva wetu wapandao kutoka Mombasa kwenda bara wajua maana yake: juu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa pwani humimina petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Ilimbidi airekebishe injini upya. Mwaka huo aliandikiwa rekodi ya dunia katika daraja lake, kilomita 288 kwa saa.

Mtu mwingine angeridhika. Yeye alirudi tena na tena. Na hapa nakuomba usome tarakimu bila kuzipamba. Mwaka 1966 aliweka rekodi nyingine, kwa injini kubwa zaidi na katika daraja jingine. Walakini mwendo wenyewe ulikuwa kilomita 270 hivi kwa saa, yaani chini ya ule wa mwaka 1962. Miaka minne ya kazi, injini kubwa zaidi, na mwendo mdogo zaidi! Maendeleo ya kweli hayapandi kama ngazi. Hupanda, hushuka, huzunguka, ndipo hupanda tena. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 68, Munro alipata wastani wa kilomita 295 na nusu hivi kwa saa katika daraja la pikipiki zisizozidi sentimita za ujazo 1,000. Kwa mwendo huo chombo hupita zaidi ya mita 82 katika sekunde moja.

Haitafaa nikusimulie ushindi huo nikafiche hatari yake. Ganda lililoipunguzia pikipiki ukinzani wa hewa liliifanya pia iwe ngumu kutulizwa. Munro mwenyewe alisimulia kwamba mwaka huo, katika mojawapo ya mbio zake, pikipiki ilianza kuyumba. Aliinuka ili kifua chake kipunguze mwendo. Upepo ukampokonya miwani, macho yasione kitu, akaiacha njia, akakikosa kwa kidogo kigingi cha chuma, na mwisho akailaza pikipiki juu ya chumvi. Aliokoka. Wengine waliojaribu mambo ya namna hiyo hawakuokoka.

Kwa hiyo yafahamu mambo mawili. La kwanza, mwendo ule ulitafutwa mahali palipotengwa, pasipo watoto wavukao barabara wala akina mama wanaouza matunda kando ya njia, na penye watu waliokuwa tayari kusaidia ajali ikitokea. Pikipiki iliyoondolewa taa na kizuia sauti si pikipiki ya barabara tena, na anayeipeleka barabarani hamshindi mtu yeyote. Anahatarisha roho za watu ambao hawakukubali kushindana naye. La pili, kasi ina bei hata pale isipoua. Munro alioa, akapata watoto wanne, na ndoa yake ilivunjika katika miaka ya 1940. Haitupasi sisi kuhukumu yaliyo baina ya mume na mke, wala kusema kwamba pikipiki ndiyo iliyovunja nyumba. Lakini kila mtu anayejua kuhesabu saa za usiku aweza kuona kwamba saa zilizotolewa bandani hazikutolewa mahali pengine. Baada ya hapo aliishi katika banda lake, pamoja na pikipiki yake, kitanda chake na rafu yake ya sadaka.

Je, ilistahili? Wako watakaosema hapana. Watasema kwamba pikipiki ile haikulima shamba, haikupeleka mgonjwa hospitali, haikumpatia tajiri wake mali. Maneno hayo ni ya kweli, tena si mepesi kujibiwa. Kama Munro alitafuta tarakimu tu, basi alilipa kupita kiasi. Lakini naona kwamba kuna jambo jingine alilolipata, nalo ni la watu wote. Alionyesha kwamba mpaka uliowekwa kiwandani si sheria ya maumbile. Kuna mipaka ambayo ni ya kweli, kama ile ya hewa na ya chuma, nayo haibishani na mtu. Na kuna mipaka ambayo ni makadirio ya mwenye kuunda na mazoea ya mwenye kununua. Tofauti kati ya hiyo miwili haijulikani kwa kukaa na kuwaza. Hujulikana kwa kujaribu, kuvunja, kusoma kilichovunjika, na kujaribu tena.

Swali moja hupenda kuulizwa na wenye akili kali: Kama silinda, pistoni, konrodi, kamu na vichwa vya injini vyote viliundwa upya, je, ilikuwa pikipiki ile ile ya mwaka 1920? Ni kama kuuliza kama jembe la babu ni lile lile baada ya kubadilishwa mpini mara tano. Mimi nasema ilikuwa ile ile, kwa sababu kila kipande kipya kiliundwa kijibu upungufu wa kilichotangulia. Pikipiki mpya haingekuwa na historia hiyo ndani yake.

Munro alikufa mwezi wa Januari mwaka 1978. Watu wanaofika Invercargill huweza kuitazama pikipiki yake katika duka kubwa la vifaa vya chuma. Mwaka 2005 filamu ilitengenezwa juu ya maisha yake, jina lake likajulikana hata katika nchi zisizokuwa na habari ya mbio za pikipiki.

Habari ya mwisho ni ndogo, lakini yafaa kuwekwa mbele ya wanafunzi. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya kifo chake, mwanawe alizitazama tena tarakimu za mwaka 1967, zile za kwenda na za kurudi, akapiga hesabu ya wastani. Jibu lake halikulingana na lililoandikwa. Shirikisho la Waendesha Pikipiki la Marekani lilipoikagua hesabu hiyo, liliona kwamba kosa lilitokea siku ile ile ya kupima. Maili 183.586 kwa saa zilifutwa, zikaandikwa maili 184.087, yaani kilomita 296 na robo hivi. Tofauti ni nusu maili. Kwa muda wa miaka 47 watu waliitaja tarakimu isiyo sahihi, na hapana aliyechukua kalamu kuihakikisha, mpaka alipotokea mmoja aliyeitazama kazi iliyokwisha kumalizika kama baba yake alivyoitazama pikipiki iliyokwisha kuuzwa.

Nawe, msomaji, siku moja utakuwa karakanani, au maabarani, au mezani penye daftari la hesabu, na kitu ulichokifanya kwa bidii kitakuvunjikia mkononi. Usikitupe upesi. Kigeuze, kitazame kilipokatikia, ukisome kwanza.